Mteja wa Nusu Kichwa

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mithali moja tu kwa ajili ya mwanawe, na aliitumia kama chumvi, kila siku na kwa kila chakula. "Mwanangu," alikuwa akimwambia, "mshika mbili moja humponyoka." Siku moja huyo mwanawe, ambaye ndiye mume wangu, alikuna kidevu, akafikiri, akamjibu: "Basi mama, nitashika tatu. Moja ikiponyoka, zitabaki mbili."

Watu wote waliokuwa uani walicheka. Nami nilicheka, tena nikajisifu moyoni kwamba nimeolewa na mtu mwenye akili. Sikujua kwamba hatanii.

Alizaliwa na mikono miwili kama sisi sote, lakini sijui nani alimwambia kuwa anayo minne. Ujanani alijifunza useremala asubuhi na udereva jioni. Seremala alimfukuza kwa sababu alikuwa akiacha meza zina miguu mitatu na kuahidi wa nne. Mwalimu wa udereva naye alimfukuza kwa sababu kila walipopita mbele ya nyumba, mwanafunzi aligeuza shingo kutazama mlango umechongwaje, na gari likaenda lilikotaka. Tulipooana akaanza kujenga, na hakujenga chumba kimoja akakimaliza. Alianza viwili kwa pamoja. Mpaka leo kimoja kina mlango na hakina dirisha, na cha pili kina dirisha na hakina mlango. Hicho cha pili tulikuwa tukikiingia kupitia dirishani. Wageni waliolala humo walitoka asubuhi mguu mmoja mbele na kichwa nyuma, kama wezi, huku wakinisalimia.

"Mlango lini?" nilikuwa nikimuuliza.

"Mke wangu, mlango ni kitu cha kuanza kesho. Leo nimeanza choo."

Choo nacho ni hadithi nyingine, na sitaki kuisimulia.

Baada ya kuhangaika huku na huku akawa kinyozi. Kinyozi mmoja alihama akamwachia chumba kando ya barabara ya sokoni, chenye kioo chenye ufa, benchi refu kibarazani, na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kinazunguka na kingine kimekataa. Mashine ya kunyolea ilikuwa moja, waya wake umefungwa utepe wa gundi mahali pawili. Ukutani palibandikwa karatasi yenye picha za vichwa vya wanaume, kila kichwa na namba yake, na mteja alichagua kichwa kama anavyochagua kuku. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akatulia hapo. Yeye akaongeza kuchaji simu, kupiga picha ndogo za vitambulisho, na kushona viatu. Ukija kunyolewa, unamkuta ana kiatu magotini. Ukija na kiatu, unamkuta yuko nyuma ya kamera. Ukija kupigwa picha, anakwambia huwezi kupigwa picha na nywele hizo, kaa kwanza unyolewe.

"Unajitawanya," nilimwambia.

"Wewe hujui biashara. Samaki hatafutwi kwa ndoano moja."

"Lakini anaingia sufuriani mmoja mmoja."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyesema upuuzi mbele ya wageni.

Ujanja wake mkubwa aliuvumbua Jumamosi moja wateja walipokuwa wengi. Alikuwa anamnyoa mtu wa kwanza alipoona wa pili amesimama mlangoni, ametazama foleni, ameguna, anataka kuondoka. Basi akaizima mashine, akampulizia yule wa kwanza nywele shingoni, akamwambia, "Pumzika kidogo bwana, mashine ipoe." Yule akaenda benchi. Wa pili akakalishwa, mashine ikapoa ghafla, akapitishiwa upande mmoja kuanzia usoni hadi kisogoni. "Pumzika kidogo bwana, mashine ipoe." Akaja wa tatu. Ilipofika adhuhuri benchi lote lilikuwa limejaa wanaume walionyolewa upande wa kulia tu. Upande mmoja uwanja wa mpira, upande wa pili kichaka. Wengine walikuwa na haraka, wengine walitukana, mmoja alikuwa analala, lakini hakuna aliyeondoka. Aondoke aende wapi? Nani atakatiza sokoni na kichwa kama hicho? Mbwa wenyewe wangetoka uvunguni kumbwekea.

Jioni ile nilikuwa nafua vile vitambaa anavyowafunga shingoni, maana kazi hiyo ilikuwa yangu, akaja akachuchumaa karibu na beseni, amejaa furaha.

"Leo nimejifunza kitu," alisema. "Mteja ambaye hujamgusa ni mteja wa kila mtu. Akichoka kungoja anainuka, anakwenda kwa mwingine. Lakini ukishamnyoa nusu, huyo ni wako. Huna haja ya kumshika, wala haondoki."

"Na yeye anajisikiaje?"

"Ajisikieje nini? Nusu si ameshapata?"

Yashike maneno hayo, wewe unayesoma, maana mimi niliyasuuza pamoja na vitambaa nikayaanika.

Tangu siku hiyo wakamwita Nusu. Yeye aliamini wanamsifu, kwa sababu kila aliyelalamika alimjibu, "Nusu saa tu." Walikuwa wakinung'unika na kurudi, wakanung'unika na kurudi, kwa kuwa barabara ile haikuwa na kinyozi mwingine.

Kisha akapata mwanamke, muuza sabuni wa upande wa pili wa soko. Sisemi kitu juu ya huyo mwanamke. Sabuni yake ilikuwa nzuri, hata mimi niliinunua kabla sijajua nanunua kwa nani. Jioni moja mume wangu alikunja mashati yake, akachukua mto ulio mzuri, akachukua redio, akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Natoka mara moja."

"Na mto?"

"We mwanamke una maneno. Koti langu si liko pale?"

Kweli lilikuwa pale, koti jeusi la harusi yetu, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Hiyo mara moja yake, watoto waliozaliwa wiki ile sasa wanatumwa dukani na wanarudi na chenji.

Hakurudi kulala. Hakuleta hata kibiriti. Lakini kila aliposikia kwamba nimefungua mdomo kutaka talaka, alikuja mbio, akaingia bila hodi, akaligusa koti begani, akalipangusa vumbi, akalinusa kama mtu anayepima maziwa kama yameharibika. "Mimi nimekuacha?" alikuwa akisema. "Mtu anayeacha mke huacha koti?" Halafu huyo, amekwenda zake. Sikuwa mke, sikuwa mjane, sikuwa mtalaka. Majirani hawakujua wanisalimie salamu gani. Mmoja aliniuliza, "Mumeo hajambo?" Nikamjibu, "Hajambo, ametundikwa nyuma ya mlango." Na ukitaka kujua zaidi, yule muuza sabuni naye hakuolewa. Aliambiwa angoje mpaka bwana amalizane na mimi. Nasikia kwake aliacha viatu uvunguni.

Mama yake alifariki na mithali yake mdomoni. Siku ya maziko huyo mwana alitupa mchanga mafumba mawili matatu, simu ikalia, akatoka pembeni kumpangia mtu zamu ya kunyolewa. Wengine ndio waliofukia.

Nikaanza kufua nguo za watu ili niishi. Kufua najua, hakuna anayeweza kuninyang'anya. Miongoni mwa walioniletea nguo alikuwako fundi mwashi, mjane, mtu wa maneno machache mpaka unadhani anayanunua. Mashati yake yalikuwa na saruji nyingi hata ukiyaweka chini yanasimama yenyewe. Siku moja alikuja kuchukua nguo, akatulia uani akikitazama kile chumba chenye dirisha pasipo mlango. Akakizunguka mara moja. Akapapasa ukuta.

"Nani alijenga hiki?"

"Mume wangu."

"Akafa?"

"Mzima wa afya."

"Aliugua katikati?"

"Hata mafua hakupata."

Akatikisa kichwa. Nilimwona ameumia, lakini nadhani aliuonea huruma ukuta kabla hajanionea mimi. "Ningekitobolea mlango," alisema, "ila siwezi kugusa nyumba ya mtu."

Akaendelea kuja. Akawa anakaa kizingitini nguo zikikauka, mara nyingine mpaka jua linageuka. Niliwahi kupita anapojenga. Ukuta aliouanza aliufikisha juu ndipo akaugusa mwingine. Vibarua walimpigia kelele aje huku, aje kule, naye hakugeuka. Mwenye nyumba mwenyewe alimwita, naye hakugeuka. Nilisimama pale na beseni langu kichwani, nikahisi ninatazama mnyama ambaye nilikuwa nimesikia habari zake tu.

Hatimaye alinieleza. Alikuwa amepata kazi ya shule nzima katika mji mwingine, na angeondoka Jumatatu kwa lori la mbao.

"Ukiwa huru, tuondoke wote," alisema. "Usipokuwa huru nitakwenda peke yangu. Siwezi kumchukua mwanamke ambaye koti la mtu liko nyuma ya mlango wake. Nitaitwa mwizi, na mimi sijaiba hata msumari."

"Utarudi lini?"

"Shule ni kubwa," alijibu.

Sasa, ndoa yangu ilifungwa kwa neno la mume mbele ya baba yake mkubwa, na kwa neno la mume mbele ya mzee huyohuyo ndiyo ingefunguliwa. Nilikwishamwendea yule mzee zaidi ya mara moja. Ni mtu wa haki lakini anapenda utaratibu. "Binti yangu," aliniambia, "mlete mbele yangu. Akisema amekurudia, nitasikia. Akisema amekuacha, nitasikia. Mimi siwezi kusikia asichosema." Na huyo Nusu hakuletwa. Ukimwita kwa mzee, ana wateja. Ukimwendea kwa wateja, mzee hayupo.

Ijumaa ile, huku mimi nikiwa nimekata tamaa, mzee alikuja kuchukua shati lake jeupe nililokuwa nimelipiga pasi. Alikuwa na shughuli kesho yake saa sita: wakwe walikuwa wanakuja kumposa mjukuu wake, na yeye ndiye msemaji wa ukoo.

"Limetoka vizuri," alisema akilikagua kola. "Asubuhi nitapita kwa mwanangu aninyoe, nije nivae."

"Atakunyoa yeye?"

"Kwani nina kinyozi mwingine? Damu yangu yule."

Nikabaki nimeshika pasi hewani. Nilimjua mume wangu. Damu au si damu, atamnyoa nusu. Na mzee akishanyolewa nusu hatakuwa na pa kwenda. Atakaa palepale kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwa mwenye neno langu. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, ujanja wa yule mtu ungenifaa mimi.

Jumamosi asubuhi nililitungua koti msumarini, nikalikunja, nikalitia kapuni, nikatoka.

Hapo kuna jambo sijalisema. Mwezi huohuo, ng'ambo ya barabara, mkabala na mume wangu, palikuwa pamefunguliwa chumba kingine cha kunyoa. Mwenyewe alikuwa mwanamke, mrefu, mikono mirefu, aliyerithi kazi kwa baba yake. Alikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja, basi. Mume wangu alimcheka mpaka machozi. "Mwanamume mzima akashikwe kichwa na mwanamke? Atanyoa watoto na vichaa." Kweli wanaume waliona haya. Kutwa nzima yule dada alikaa mlangoni akipangusa kiti chake kitupu.

Nilipofika, mambo yalikuwa kama nilivyoyaota. Benchi limejaa vichwa nusu: dereva wa lori, fundi cherehani, na wengine wawili watatu. Ndani, kwenye kiti kinachozunguka, baba mkubwa alikuwa anapulizwa shingo.

"Pumzika kidogo baba, mashine ipoe."

"Ipoe nini? Nina wakwe saa sita!"

"Nusu saa tu, baba."

Mzee alitoka ameufunika kwa kiganja ule upande wenye nywele, halafu akafikiri akahamishia kiganja upande usio na nywele, halafu akaona yote mamoja. Akakaa. Nikakaa kando yake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, binti yangu. Usinitazame."

"Sikutazami. Nakuomba tu usiondoke."

"Niondoke niende wapi?" alisema kwa hasira. "Hivi?"

Nikasimama mlangoni. Mume wangu alikwisha kumkalisha muuza mchicha, ameshampitishia mstari mmoja katikati ya kichwa kama njia ya ng'ombe. Kwenye kile kiti cha pili palikuwa na kiatu kinachongoja soli, na simu tano zilikuwa zinachajiwa juu ya rafu.

"Mume wangu," nilisema kwa sauti ya watu kusikia, "nimekuja. Na baba mkubwa yuko hapa. Sema neno lako: unanirudia au unaniacha?"

Hakugeuka. Alinitazama kwenye kioo, na ufa wa kioo ulimgawa uso sehemu mbili.

"Huoni nina kazi? Kaa kwenye benchi. Zamu yako ikifika nitakuita."

Fundi cherehani akapiga makofi. "Jamani! Kumbe hata shemeji amenyolewa nusu!"

Benchi zima likaangua kicheko, na baba mkubwa alijisahau akacheka. Nami nilianza kucheka nao, nikakatiza. Nilikumbuka beseni, na vitambaa, na yeye amechuchumaa. Ukishamnyoa nusu, huyo ni wako. Miaka yote nilidhani mume wangu ni mtu aliyechanganyikiwa, asiyejua amwache nani amshike nani. Kumbe hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa ameniambia kwa mdomo wake, na koti lile lilikuwa nusu yangu ya kichwa.

Mara honi ikalia. Lori la yule dereva lilikuwa limeziba njia ya sokoni na utingo alikuwa anamwita. Dereva akainuka, akakaa, akainuka tena. Akatazama ng'ambo. Yule dada mrefu alikuwa mlangoni kwake, kitambaa begani. Dereva akavuka barabara akikimbia, ameinamisha kichwa kama mtu anayekwepa mvua. Sisi wote tukatega masikio.

"Dada," alisema, "unaweza kumalizia kazi ya mtu?"

"Kichwa ni chako au ni chake?"

"Changu."

"Basi kaa."

Hapakuwa na zaidi ya hapo. Akakaa, akamaliziwa, na muda mfupi baadaye akatoka kichwa kimoja kizima kinang'aa, akapanda lori lake huku anajipapasa kama mtu aliyerudishiwa mali. Fundi cherehani aliyaona hayo, akanitazama mimi, akasema, "Shemeji, kwaheri," akavuka. Wale wengine wakamfuata kwa mkupuo, haya yote imekwisha, wanasukumana nani awe wa kwanza.

Hapo ndipo Nusu alipogeuka. Aliruka kuelekea mlangoni na mashine mkononi, lakini mashine ilikuwa na waya na waya ulikuwa ukutani. Ulimvuta akarudi kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. "Rudini! Namalizia sasa hivi! Mashine imeshapoa!" Nyuma yake muuza mchicha naye alianza kuinuka. Basi akanyoosha mkono mmoja nyuma akamkamata kwa kitambaa cha shingoni, na mkono wa pili, wenye mashine inayonguruma, akaupunga kuelekea barabarani. Na mimi nilikuwa katikati ya mlango.

"Toka mlangoni!"

"Neno langu."

"Ngoja!"

"Nimengoja. Unanirudia au unaniacha?"

"Huoni wananikimbia? Wee mwanamke, unaniziba!" Alivuta waya, akavuta muuza mchicha, jasho likamtoka. "Nenda! Nenda zako! Nimekuacha, basi, nimekuacha, nipishe!"

Akavuta tena, na waya ukachomoka ukutani. Mashine ikazimika. Maneno yake yakabaki yanasikika humo chumbani.

"Nimesikia," alisema baba mkubwa kutoka kwenye benchi.

Mume wangu akageuka rangi. "Baba, sikusema vile. Nilikuwa namwambia atoke mlangoni."

"Ulimwambia atoke mlangoni, na ulimwambia umemwacha. Mara mbili. Nimekusikia kwa sikio la upande ulionyoa na kwa sikio la upande usionyoa."

"Tutazungumza," alisema, na sauti yake ikawa laini, ananigeukia mimi. "Mama watoto, nitakuja jioni. Si unajua koti langu liko pale..."

Mama watoto! Hata mtoto hatukupata.

Mzee aliinuka. "Mimi nakwenda kumaliziwa."

"Baba, hata wewe? Kwa mwanamke?"

"Wakwe wanakuja leo kuutazama ukoo. Wautazame mzima."

Lakini alipofika ukingo wa kibaraza akasita. Ilikuwa Jumamosi, barabara imejaa watu wanaomjua, wengine aliwafungisha ndoa. Nikafungua kapu, nikalitoa koti, nikamfunika nalo kichwani. Alinishukuru kutoka ndani ya koti. Akavuka akiwa ameshikilia ncha mbili za kola chini ya kidevu kama bibi kizee aliyenyeshewa.

"Koti langu!" mume wangu alipiga kelele. "Hilo ni koti langu!"

Hakuna aliyegeuka. Muuza mchicha alikuwa ameshapita pembeni yangu, kitambaa bado kimemning'inia shingoni, anakwenda ng'ambo. Nilitupia jicho ndani mara ya mwisho. Mtu yule alikuwa amesimama kati ya viti vyake viwili, kinachozunguka na kisichozunguka, wala hakukaa kwenye hata kimoja.

Usidhani nilitoka pale nikiimba. Maneno yale niliyaomba kwa adabu miaka mingi, nimekaa chini, nimejitanda, mbele ya watu wazima. Nikaja kuyapata kama mpita njia anavyopata maji ya kuoshea vyombo yakimwagwa dirishani. Hakunitazama hata usoni. Alinisukuma ili awaone wateja vizuri. Nilitembea mpaka mwisho wa soko nikiwa nalia, na sikulia kwa ajili yake.

Fundi mwashi nilimkuta juu ya jukwaa, anamalizia ukuta wake wa mwisho kabla ya safari. Nilisimama chini, nimeshika kapu tupu, napumua kama mtu aliyefukuzwa.

"Nimeachwa!" nilimpigia kelele.

Mwiko wake ulikwenda, ukachota, ukatandaza. "Mbele ya nani?"

"Mbele ya baba yake mkubwa. Na muuza mchicha."

"Na koti?"

"Nimemvika mzee kichwani."

Akalitua tofali, akaligonga kwa mpini, akalitazama kama limelala sawa. Hakushuka. Hakunigeukia.

"Ngoja nimalize mstari huu," alisema. "Saruji itanigandia."

Damu ilinipanda. Nimetoka huko kuvunja ndoa mbele ya soko zima, nimekuja mbio na kwikwi bado ziko kifuani, naambiwa ningoje! Nilifungua mdomo nimtukane yeye na ukoo wake wote wa waashi. Kisha nikautazama ule mstari. Yalikuwa yamebaki matofali manne.

Nikaliweka kapu chini, nikaokota moja, nikampa.